Kazi ya Ukungu

Saa nane za usiku, Vilnius, chumba cha kupanga
juu ya duka la nyuzi na vifungo,
nafunika nyuso za watu.

Kazi yenyewe haina ufundi mkubwa:
unachora duara, unaukoleza ukungu,
unaliburuta duara lifuate kichwa
kinapogeuka, kinapocheka, kinapoinama,
fremu kwa fremu, ishirini na tano kwa sekunde moja.
Wahenga walinena macho hayana pazia.
Mimi nashona mapazia.

Dakika ya nne. Shule ya msingi, Baranavichy, siku ya kura.
Waangalizi wamezuiwa mlangoni. Wako uani, juu ya vigoda,
wanachungulia dirishani kwa darubini ya kutazamia ndege.
Mmoja anahesabu kura zilizokunjwa kama upepeo;
walikubaliana hivyo, anayetaka mabadiliko akunje mara nne,
mikunjo ionekane ndani ya sanduku la kioo.
"Mia tisa kumi na mbili," anasema, "mia tisa kumi na tatu..."
Usiku karatasi ya matokeo inabandikwa kwa gundi:
upande wao, themanini na sita.
Bibi mwenye kikapu cha viazi anaisoma mara mbili,
kisha anauliza, kwa upole, kama anayedai chenji dukani:
"Na yangu mmeiweka wapi?"

Nimemfunika huyo. Sauti nimemwachia.

Dakika ya kumi na tisa. Barabara imejaa hadi darajani.
Wanavua viatu kabla ya kupanda kwenye benchi.
Hili nisingeweza kulitunga. Jozi kwa jozi, visigino vimelingana,
kama kwenye kizingiti cha msikiti wa Watatari kule Iwye.
Benchi ni la manispaa; wasilichafue.
Ndio hao redio ya taifa ilioita wahuni.

Tsimoh, mtayarishaji, anataka damu mapema.
"Mtazamaji wa nje," anasema, "hukupa dakika saba."
Nimempa viatu. Amenuna.
Viatu vimebaki.

Dakika ya thelathini na moja sina picha, nina sauti.
Simu ilikuwa mfukoni mwa fundi wa lifti.
Nimempa jina la Vikentsi; jina lake halisi
lina mke, na watoto wawili, na anwani.
Nasikia kitambaa kikikwaruza, pumzi, mlango wa gari ukiburuzwa.
Nasikia rungu linavyotua penye nyama
na linavyotua penye mfupa; sasa najua kutofautisha.
Na ndani ya gari kuna anayehesabu kwa sauti, bila haraka,
moja, mbili, hadi kumi na nane.
Hesabu hiyo haikukosewa hata mara moja.

Hapo niliinuka nikachemsha chai. Sikuinywa.

Dakika ya arobaini. Mstari wa wanawake, nguo nyeupe, mvua.
Wa tatu kutoka kushoto ameshika maua marefu, ya rangi ya damu ya mzee,
ameyafunga kwa gazeti.
Nimesimamisha picha.
Siku hiyo aliniambia kwa simu yuko kwenye kibanda cha shamba
anatia matango chumvi.
Njia ya mwongo ni fupi, mama;
yako imekoma hapa, mezani pangu.

Anatazama kamera moja kwa moja,
kama alivyokuwa akinitazama nikichelewa kutoka shule.
Nikachora duara.
Nikalifuta.
Nikachora.

Ukungu ulianzia paji la uso, ukashuka.
Mikono niliiacha, nikasema, nani atamjua kwa mikono?
Kisha nikaliona kovu la kidole gumba, la kifuniko cha chupa,
ambalo jirani yetu wa ghorofa ya pili, mwenye masikio marefu,
analijua vizuri kama ninavyolijua.
Nikairudia. Nikaifunika na mikono.

Yamebaki maua, yanaelea yenyewe barabarani,
na lile gazeti:
ukurasa wa mbele, themanini na sita kwa herufi kubwa,
linaloa,
wino unachuruzika
kwenye mabua.